Seli za utumbo zinazotoa homoni: je, zinachoka, na chakula kinaweza kuziamsha?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 44. Mama yangu mzazi ana kisukari aina ya 2 na anatumia metformini. Mwezi uliopita nilipima HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu, ikatoka asilimia 6.1, nikaambiwa niko ukingoni mwa kisukari. Nimesoma kwamba utumbo una seli zinazotoa homoni, kwamba seli hizo zikichoka ndipo mtu ananenepa na kupata kisukari, na kwamba zile sindano za kila wiki zinarudisha homoni iliyopungua. Je, ni kweli seli zangu zimechoka? Kuna kipimo? Na ninaweza kuziamsha kwa chakula au kwa vidonge vya mitishamba ili nisifike kwenye sindano?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na lile linalokusumbua zaidi. HbA1c ya 6.1 haisemi kwamba seli za utumbo wako zimechoka, na hata wengi wenye kisukari kamili, seli hizo bado zipo na bado zinafanya kazi. Ulichosoma kimeshika jambo la kweli kikalipindisha. Seli zipo, homoni zipo, na uhusiano wake na sukari ya damu na uzito ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Lakini shida haikai pale ulipoambiwa inakaa, na ukijua inapokaa utaona mwenyewe kipi kinafaa kufanywa na kipi ni kupoteza fedha.

Ngozi ya ndani ya utumbo ina seli za aina nyingi. Nyingi kupita kiasi ni za kufyonza chakula, nyingine zinatoa ute. Katika kila seli 100, karibu moja tu ndiyo ya kutoa homoni. Hazikukusanyika mahali pamoja kama tezi ya shingo. Zimetawanyika mojamoja kuanzia kwenye mfuko wa chakula hadi mwisho wa utumbo mpana. Kwa sababu utumbo ni mrefu na ngozi yake imejikunjakunja, ukizijumlisha zote unapata kiungo cha homoni kikubwa kuliko kingine chochote mwilini. Kwa miaka mingi hata sisi wa fani hii tulifundishwa kongosho kwanza na utumbo baadaye, kana kwamba utumbo ni bomba la kupitishia tu. Historia yenyewe inasema kinyume. Homoni ya kwanza kabisa kugunduliwa na kuitwa hivyo ilitoka utumboni. Mwaka 1902 jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote za kipande cha utumbo mwembamba wa mbwa, wakaweka asidi ndani yake, na kongosho bado likatoa maji yake ya kumeng'enya. Kama neva hazipo, nani alipeleka habari? Starling akakwangua ngozi ya utumbo ule, akaisaga na mchanga na asidi, akaichuja, na maji yale yalipodungwa kwenye mshipa kongosho likafanya kazi tena. Wakaiita sekretini. Insulini ilikuja kutenganishwa karibu miaka 20 baadaye.

Umuhimu wa seli hizi unaonekana wazi zaidi pale zinapokosekana. Zote huzaliwa kutoka kwa seli mama zilizo chini ya vishimo vidogo vya ngozi ya utumbo, na jeni linaloamua kwamba seli changa iwe ya homoni linaitwa NEUROG3. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto wachache waliozaliwa na kasoro kwenye jeni hilo. Utumbo wao ulionekana mzima, seli za kufyonza zilikuwepo, lakini seli za homoni zilikuwa karibu hazipo. Kila walichokula, isipokuwa maji, kiliwaletea kuharisha kukubwa, wakalazimika kulishwa kwa mshipa. Seli moja katika mia ikitoweka, zile 99 hazijui la kufanya na chakula kilicho mbele yao.

Sasa tuitazame moja kwa karibu, ile inayokuhusu zaidi, seli L, inayotoa homoni iitwayo GLP-1. Ina umbo la chupa yenye shingo nyembamba. Shingo inafika hadi ndani ya utumbo, na juu yake kuna vinyweleo vidogo sana vinavyogusa chakula kinachopita. Kitako chake kipana kimegeukia upande wa damu, kimejaa vifuko vidogo vyenye homoni iliyokwisha kutengenezwa, ikingoja. Glukosi inapopita, protini iliyo kwenye vinyweleo, inayoitwa SGLT1, inaivuta ndani ya seli pamoja na chembe za sodiamu. Sodiamu ina chaji ya umeme. Ikiingia, hali ya umeme ya seli inabadilika, milango ya kalsiamu inafunguka, na kalsiamu inasukuma vifuko vile vimwage mzigo wake kwenye damu. Seli hiyohiyo ina vipokezi vingine vya mafuta, vya vipande vya protini, vya nyongo, na vya asidi fupi za mafuta ambazo bakteria wa utumbo mpana wanazitengeneza wakila nyuzinyuzi.

Angalia kwamba kinachoiamsha ni sukari inayovutwa ndani, wala utamu peke yake hautoshi. Ndiyo maana watu wazima wenye afya walipomiminiwa sukralosi, kitamu kisicho na sukari, moja kwa moja tumboni, GLP-1 yao haikupanda. Anayekuambia kinywaji cha utamu usio na sukari kinaidanganya seli hii hajaangalia matokeo hayo.

Seli nyingine zina kazi zao. Seli K hutoa GIP. Seli I hutoa CCK, ambayo inabana kifuko cha nyongo, inachelewesha chakula kutoka kwenye mfuko wake na kukuambia umeshiba. Kinachoiamsha hasa ni mafuta na protini. Zipo pia za serotonini, na zaidi ya asilimia 90 ya serotonini yote mwilini iko utumboni. Kwenye mfuko wa chakula kuna za ghrelini, homoni ya njaa, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, ambayo hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula. Seli L zenyewe, pamoja na GLP-1, hutoa PYY, inayotuliza hamu ya kula. Na hazitumii damu peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha katika panya kwamba baadhi ya seli hizi zimeungana moja kwa moja na neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na ubongo, na habari ya sukari hufika kwenye neva hiyo ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ubongo unaanza kujua ulichokula kabla homoni haijazunguka na damu.

Kinachonivutia kuliko yote, na ndicho ningependa ukishike, ni mahali zilipo. Seli K zimejaa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Seli L zipo njia nzima, lakini zinaongezeka kadiri unavyoshuka, na zimejaa zaidi mwishoni mwa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana. Kwa hiyo chakula kilekile, kwa kiasi kilekile, kinaweza kuleta ujumbe tofauti kulingana na kilifyonzwa wapi na kwa kasi gani. Kinywaji chenye sukari au unga uliokobolewa na kusagwa laini hufyonzwa karibu wote pale juu. Sukari inapanda ghafla, na sehemu ya chini, kwenye seli L nyingi, haipati cha kuonja. Chakula ambacho bado kina umbo lake, chenye nyuzinyuzi, protini na mafuta kiasi, husafiri mbali zaidi kabla hakijaisha. Seli hizi zinasoma mahali na mwendo wa chakula, hazisomi kiasi peke yake.

Tuje kwenye sukari yako. Mwaka 1964 watafiti walilinganisha glukosi inayoingia kupitia utumbo na ile inayoingia kwa mshipa, wakakuta ile ya utumboni inaamsha insulini nyingi zaidi. Baadaye jaribio likanolewa: mtu yuleyule ananywa glukosi siku moja, siku nyingine anamiminiwa kwa mshipa kwa namna ambayo sukari ya damu inafuata mstari uleule. Sukari ni sawa, insulini si sawa. Kwa mtu mwenye afya, kati ya nusu na theluthi mbili ya insulini inayotoka baada ya kunywa glukosi inatokana na homoni za utumbo, GIP na GLP-1, zinazoliambia kongosho kwamba sukari inakuja. Kwa mwenye kisukari aina ya 2 nyongeza hiyo imepungua sana.

Hapo ndipo uliposoma "zimechoka". Lakini walipopima homoni zenyewe, GIP ya wagonjwa ilitoka kama kawaida, na GLP-1 kwa wastani haikuwa mbali sana na ya watu wenye afya, ingawa kwa wenye unene huwa iko chini kidogo. Kilichodhoofika ni usikivu wa seli za insulini kwenye kongosho. GIP inapiga hodi na karibu haifunguliwi mlango. GLP-1 bado inasikika, ila inahitajika kwa kiwango cha juu. Ujumbe unatumwa vizuri na mpokeaji ndiye amepungukiwa. Habari ya kutia moyo ni kwamba usikivu huo unaweza kurudi kwa sehemu. Wagonjwa ambao sukari yao ilishushwa karibu na kawaida kwa wiki 4, seli zao za insulini ziliitikia GIP na GLP-1 vizuri zaidi kuliko mwanzo. Sukari ya juu yenyewe inazidi kuziba masikio, na kuishusha mapema, hapo ulipo wewe sasa, kuna faida maalumu.

Uliuliza kuhusu sindano. Hazirudishi kilichopungua, zinafanya jambo jingine. GLP-1 yako ya asili ina maisha mafupi mno. Mara tu inapotoka, kimeng'enya kiitwacho DPP-4 kinaikata, na nusu yake inaharibika ndani ya dakika 2 hivi. Asilimia 10 hadi 15 tu ndiyo inayofika nzima kwenye mzunguko wa damu wa mwili wote. Nyingine imefanya kazi yake jirani, kwenye neva za utumbo na njiani kuelekea kwenye ini. Ni ujumbe wa jirani kwa jirani. Semaglutaidi, mojawapo ya sindano hizo za kila wiki, imeundwa ikwepe kimeng'enya hicho na ijishikize kwenye protini ya damu, hivyo nusu yake inabaki baada ya wiki nzima. Inafika hadi kwenye sehemu za ubongo ambazo GLP-1 ya utumboni hufika kwa tabu, na inakaa huko usiku na mchana, umekula au hujala.

Njia ya kufika huko ilipitia mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1992 John Eng aliripoti homoni kutoka kwenye mate ya mjusi wa sumu wa Marekani, aitwaye Gila, inayofanana na GLP-1 lakini isiyokatwa na DPP-4. Kutoka hapo ikatengenezwa eksenataidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Mwaka uliofuata vikaja vidonge vinavyozuia DPP-4 yenyewe, ili homoni yako iishi muda mrefu zaidi. Vidonge hivyo vinashusha sukari, lakini uzito haupungui. Linganisha: katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi miligramu 2.4, watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Na tirzepataidi, inayogusa vipokezi vya GIP na GLP-1 kwa pamoja, ilifika karibu asilimia 21 kwa kipimo cha juu kwa wiki 72. Kuirefushia maisha homoni ya asili hakukuleta hata sehemu ya hayo. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba mlo au kidonge cha mitishamba kitaiga sindano, anapingana na matokeo ya dawa zilizokwisha kujaribiwa kwa miaka mingi.

Ukweli huo usikuvunje moyo. Upasuaji wa kupunguza uzito unaonyesha seli hizi zina nguvu kiasi gani zikifikiwa. Katika aina moja, chakula kinaruka mwanzo wa utumbo mwembamba na kumwagika moja kwa moja sehemu ya chini. Seli L ni zilezile, hazijaongezwa dawa yoyote, ila chakula kinazifikia haraka na kwa wingi. GLP-1 baada ya mlo inapanda mara kadhaa kuliko awali, na wagonjwa wengi wa kisukari wanaona sukari ikishuka kabla hata uzito haujapungua sana. Si homoni peke yake. Kula kidogo sana siku za mwanzo kunapunguza mafuta kwenye ini, na hilo nalo linashusha sukari. Lakini kipokezi cha GLP-1 kikizibwa kwa makusudi katika watu waliofanyiwa upasuaji huo, insulini yao inapungua waziwazi.

Basi chakula kinaweza nini? Kinaweza kubadilisha mahali na mwendo. Jambo ambalo ningelijaribu kwanza ni mpangilio ndani ya mlo uleule: mboga na protini zitangulie, wanga ufuate mwishoni. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2015, wa wagonjwa 11 waliokuwa wakitumia metformini, ulitumia mlo mmoja kwa mipangilio miwili. Wanga ulipokuja mwisho, sukari katika saa ya kwanza baada ya kula ilikuwa chini kwa zaidi ya robo. Watu ni wachache, lakini majaribio mengine yaliyofuata yameelekea upande huohuo, na sababu yake inaeleweka: protini na mafuta huamsha CCK na GLP-1, mfuko wa chakula unamwaga polepole, na wanga unapoingia unakuta mwendo umeshapunguzwa. Haigharimu kitu na haina madhara. Pia usinywe wanga wako pale unapoweza kuutafuna, na usiharakishe mlo. Nyuzinyuzi ziongeze taratibu kwa wiki kadhaa, la sivyo gesi itakukatisha tamaa kabla bakteria wako hawajazoea.

Kuhusu vidonge vya mitishamba vinavyotangazwa kwamba "vinaamsha GLP-1", berberini ikiwa maarufu kuliko vyote: usinunue. Berberini inaweza kushusha sukari kidogo, lakini si dawa ya kupunguza uzito kwa kiwango kinachotangazwa, inaingiliana na dawa nyingine kadhaa, na haifai kwa mjamzito. Usimpe mama yako juu ya metformini yake. Tena kuna jambo ambalo pengine hukulijua: metformini yenyewe inagusa utumbo. Inaongeza GLP-1 kwa kiasi, na ilipotengenezwa kwa namna ya kuachiliwa chini zaidi utumboni, ambako haifyonzwi sana kwenda kwenye damu, bado ilishusha sukari. Dawa ile ya zamani anayomeza mama kila siku tayari inazungumza na seli unazoniuliza.

Kipimo cha GLP-1 usikitafute. Homoni hii inavunjika hata ndani ya chupa ya damu isipowekwa dawa ya kuzuia DPP-4 papo hapo, inabadilika kila baada ya mlo, na hakuna tiba inayoamuliwa kwa namba yake. Fedha hiyo itumie kwa HbA1c, mafuta ya damu, shinikizo la damu na figo.

Kama una uzito wa kupunguza, kuna jambo uambiwe kabla hujaanza. Uzito ukipungua, seli hizi zinakaa upande wa kukurudisha ulikotoka. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuata watu waliopungua kwa mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mzima baadaye ghrelini yao ilikuwa bado juu, PYY na CCK bado chini, na njaa ilikuwa kubwa kuliko kabla ya kuanza. Kwa hiyo ukijikuta na njaa miezi kadhaa baada ya kupungua, usijilaumu kwamba huna msimamo. Mwili unafanya hivyo kwa kila mtu, na hii ndiyo sababu kupungua taratibu unakoweza kukuendeleza ni bora kuliko mlo wa adhabu. Hata sindano haziepuki hili: walioacha semaglutaidi walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja.

Sizikatai sindano. Kwa mwenye unene mkubwa, kisukari kisichoshuka au ugonjwa wa moyo, ni dawa nzuri, na kwa watu wenye ugonjwa wa moyo pamoja na uzito mkubwa semaglutaidi imepunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Zina madhara: kichefuchefu, kutapika, mawe ya nyongo, mara chache kuvimba kwa kongosho, na hazipewi mjamzito wala mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo katika familia. Kwa HbA1c ya 6.1, kama huna mojawapo ya hali hizo, hujafika huko.

Ulipo wewe kuna ushahidi ulio imara kuliko wa homoni yoyote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 walio ukingoni kama wewe. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, kwa asilimia 31. Hesabu asilimia 7 ya uzito wako uone ni kilo ngapi. Kwa wengi ni chache kuliko walivyoogopa. Anza na mpangilio wa mlo na kutembea baada ya kula, kisha rudia HbA1c baada ya miezi 3. Usirudie mapema, kwa sababu kipimo hicho kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, nazo zinaishi karibu siku 120. Ikipanda kufikia 6.5, au ukianza kupata kiu na kukojoa mara kwa mara, usingoje miezi hiyo iishe.